Sanduku la Umeme wa Jua kwa Walalao Porini

Katika nchi yetu wako watu wengi ambao kulala nje ya nyumba si mchezo wala si starehe, bali ni kazi. Mrina asali wa mapori ya Tabora na Mlele hukaa kambini majuma mawili au matatu ndipo arudi kwa mkewe. Mvuvi huhamia dago na kukaa huko msimu mzima. Mwenye shamba la mpunga hulala dunguni akifukuza nguruwe, tangu masuke yanapotoka hata siku ya kuvuna. Wageni hulipa fedha nyingi ili walale hemani porini kwa furaha yao. Sisi tunalala humo humo pasipo hema, na hakuna anayetutoza.

Watu hawa wote shida yao ni moja, nayo ni usiku. Kibatari huzimwa na upepo, na kikianguka penye nyasi kavu huleta hasara isiyosemeka. Chemli ni nzuri, lakini mafuta ya taa siku hizi ni ghali, na vijiji vingine hayapatikani kabisa. Tochi ya betri ndogo hukaa siku chache tu. Tena sasa kuna jambo jingine ambalo wazee wetu hawakuwa nalo: simu. Siku ya nne porini simu imekwisha kufa, na mwenye nyumba hapatikani tena.

Nitawaeleza jambo lililotokea huku kwetu misimu miwili iliyopita. Bwana mmoja aliingia porini kurina. Alipokuwa huko, mtoto wake wa pili akashikwa na homa kali usiku. Mama watoto akapiga simu mara nyingi, wala haikuita. Fedha ya kumpeleka mtoto hospitali haikuwapo nyumbani. Mbuzi walikuwapo, lakini mama aliogopa kuuza mbuzi wa ukoo bila neno la mumewe. Ikapita siku moja na nusu, mpaka majirani walipochanga nauli. Mtoto alipona, tunashukuru. Baba alipata habari siku kumi baadaye, aliposhuka na madebe yake ya asali. Bwana huyo ndiye aliyenijia ofisini akauliza: Je, karani, hakuna njia ya kuchukua umeme porini? Nikamwambia njia iko, wala si kazi ya mtaalamu peke yake. Tukakaa pamoja na fundi seremala, tukatengeneza sanduku. Sasa yako matatu kijijini, na haya ninayoandika nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno. Afadhali niyaandike mara moja.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Kioo cha sola si kitu cha jana. Mwezi wa Aprili mwaka 1954, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, wataalamu watatu, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walionyesha watu vipande vya silikoni vilivyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Silikoni ni kitu kinachopatikana katika mchanga. Vipande vile viligeuza sehemu 6 tu katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua. Miaka minne baadaye, mwaka 1958, Wamarekani walirusha angani chombo kidogo, Vanguard 1, chenye vipande vya namna hiyo. Betri zake za kawaida ziliisha upesi, lakini mtambo wake uliotumia jua uliendelea kutoa sauti hata mwaka 1964. Vioo vinavyouzwa leo madukani hugeuza karibu sehemu 20 katika 100. Shikeni hesabu hiyo, maana itawaokoa na wauzaji wadanganyifu, kama mtakavyoona.

Sanduku letu lina vitu vinne: kioo, betri, kontrola na taa. Kioo huteka umeme mchana. Betri huutunza. Kontrola ni kama bawabu mlangoni: huzuia kioo kisiijaze betri kupita kiasi, na huzuia taa zisiikamue hata tone la mwisho. Wengine huona kontrola ni gharama ya bure, wakafunga kioo moja kwa moja kwenye betri. Betri hiyo haitamaliza miaka yake.

Kabla ya kwenda dukani, chukueni daftari na kalamu. Hapa ndipo watu wengi hukosea, maana huanza kwa kuuliza bei badala ya kuuliza haja. Nguvu ya umeme hupimwa kwa wati. Ukizidisha wati kwa saa za kutumia, unapata wati-saa, kama vile debe linavyopima mahindi. Taa ya wati 3 ikiwaka saa 5 hula wati-saa 15. Kambi ya watu watatu au wanne yatosha taa mbili: moja jikoni, moja penye kulala; hiyo ni wati-saa 30. Redio ndogo ya wati 3 kwa saa 4 ni wati-saa 12. Simu kubwa za kisasa, kila moja hula karibu wati-saa 18 mpaka ijae, ukihesabu na upotevu. Mbili ni 36. Simu ndogo ya vitufe hula 5 au 6 tu, ndiyo maana wazee bado wanaipenda. Jumla yetu ni wati-saa 78. Tuseme 80 kwa usiku mmoja.

Sasa betri. Juu ya betri utaona maandishi mawili: volti 12, na namba ya ampea kwa saa. Zidisha hizo mbili. Betri ya 18 inabeba wati-saa 216. Lakini angalieni sana: betri ya risasi haifai kutumiwa yote. Tumia nusu, nusu iache. Nusu ya 216 ni 108, nayo inazidi 80 tunazohitaji, na akiba kidogo inabaki kwa siku ya mawingu. Basi betri ya 18 yafaa.

Labda utasema: mimi ninayo betri ya pikipiki nyumbani, kwa nini ninunue nyingine? Nakujibu kwamba betri ya pikipiki au ya gari imetengenezwa kwa kazi ya kustua injini, yaani kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache, halafu kujazwa tena mara moja. Ukiikamua polepole usiku kucha, kila siku, itakufa baada ya miezi michache. Nunua ile iliyofungwa pande zote, isiyomwaga tindikali hata ikilala ubavu juu ya baiskeli. Iko pia betri ya namna mpya, ya lithiamu yenye chuma na fosfeti. Hiyo ya ampea 20 ina uzito wa kilo 2 na nusu hivi, hali ile ya risasi ya ampea 18 hupita kilo 5. Hukamuliwa karibu yote bila kudhurika, na hudumu mara nyingi zaidi. Bei yake ni kubwa. Kwa mtu anayekwenda porini kila msimu, mimi naona yafaa kuchanga wawili watatu wakaipata hiyo; kwa mtu wa dunguni, anayelala karibu na kwake, ya risasi yatosha. Lakini anayenunua ya lithiamu na ahakikishe kwamba kontrola yake ina nafasi ya betri hiyo, maana hazijazwi kwa namna moja. Na zile betri za mviringo zinazochomolewa katika kompyuta mbovu na kuunganishwa na vijana wa mjini, waachieni wenyewe. Zikiunganishwa vibaya huwaka moto usiozimika kwa urahisi.

Kioo nacho kihesabiwe. Kwetu jua lenye nguvu kamili, ukikusanya asubuhi na jioni pamoja, ni kama saa 5 kwa siku. Kioo cha wati 50 mara saa 5 ni wati-saa 250. Toa theluthi moja kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa njiani. Zinabaki 165 hivi. Haja yetu ni 80. Basi hata siku ya mawingu utapata kitu. Kioo cha wati 30 chaweza kutosha wakati wa kiangazi, lakini hakina akiba.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana fedha nyingi za watu wa vijijini hupotelea hapa. Jua la mchana likipiga mita moja ya mraba huleta nguvu ya wati 1,000 hivi. Kioo hushika karibu sehemu moja ya tano, yaani wati 200. Kwa hiyo kioo cha wati 50 lazima kiwe na robo ya mita ya mraba, yaani nusu mita kwa nusu mita, na kwa kawaida huwa kikubwa zaidi ya hapo kwa sababu ya fremu na nafasi za katikati. Muuzaji akikuonyesha kioo chenye ukubwa wa karatasi ya kuandikia barua na kusema ni cha wati 50, mrudishie kwa upole. Hakiwezi kufika hata wati 15, liandikwe lo lote mgongoni. Betri ya risasi nayo mizani itasema kweli: iliyo nyepesi kama mkate, ndani hamna risasi ya kutosha.

Kama mna fundi wa redio mwenye kipimo kile kinachoitwa mita, mwende naye dukani. Mwambie aweke kioo juani saa sita mchana na kupima. Kioo kizuri cha mfumo wa volti 12 kikiwa hakijafungwa na kitu kitaonyesha karibu volti 21. Msishangae kwamba si 12. Ndani kina vipande 36, kila kimoja hutoa zaidi kidogo ya nusu volti, na ziada hiyo inatakiwa ili umeme uweze kuingia katika betri, kama vile maji yasivyoingia tangini pasipo kutoka mahali palipo juu zaidi. Ampea zake, akizipima kwa waya fupi, zikaribie 3.

Sanduku lenyewe ni kazi ya seremala, nami sitakaa sana hapo. Mbao nyepesi au plaiwudi, urefu sentimeta 40, upana 25, kimo 25, bawaba mbili, na mpini imara wa kamba au ngozi. Wengine hutaka kutumia tranka la bati la mwanafunzi. Mimi silipendi: bati hupitisha umeme, na waya mmoja ukichubuka ndani yake ni cheche. Toboeni matundu pande mbili za juu ili hewa ipite, na mfunike kwa wavu mwembamba, wadudu wasijenge humo. Betri ibanwe chini kwa vipande vya mbao isicheze njiani. Kontrola ipigwe skrubu ukutani mwa sanduku, juu ya betri, mahali unapoweza kuona taa zake. Mbele wekeni swichi mbili za taa na lile tundu la kuchajia linalotumiwa katika magari, ambalo hupunguza volti 12 kuwa 5 za simu.

Sasa kuunganisha. Nunueni waya wa shaba wa milimeta 2.5, mwekundu kwa chanya na mweusi kwa hasi. Msitumie waya mwembamba wa spika. Kutoka kwenye kioo hadi sandukuni panatakiwa mita 8 au 10, ili kioo kikae juani na sanduku kivulini. Katika urefu huo waya mwembamba hula karibu volti nzima kabla umeme haujafika. Betri isikae juani kabisa. Joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 nyingine, umri wa betri ya risasi hupungua kwa nusu.

Katika waya mwekundu wa betri, karibu kabisa na kichwa cha betri, pasizidi upana wa kiganja, funga fyuzi ya ampea 10. Watu huniuliza kwa nini iwe karibu hivyo. Ni kwa sababu fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu, haulindi ulio nyuma. Betri ndogo kama hii, vichwa vyake vikigusana, hutoa ampea mamia kwa nukta moja. Waya hugeuka kuwa mwekundu kama kaa la moto, na sanduku ni la mbao. Vua pete na saa ya chuma mkononi unapofanya kazi hii. Spana izungushiwe tepu, ibaki ncha tu.

Kontrola ina matundu sita, mawili mawili, na mara nyingi yamechorewa picha: kioo, betri, taa. Utaratibu ni huu, wala usiubadili: kwanza betri, kisha kioo, mwisho taa. Kontrola huitazama betri kwanza ili ijue inahudumia volti ngapi. Ukitanguliza kioo, nyingine huharibika. Wakati wa kufungua, rudi kinyume: taa, kioo, halafu betri. Bwana wetu wa asali amebandika maneno hayo matatu ndani ya kifuniko kwa herufi kubwa, ili hata mwanawe ayasome.

Inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, hapa hatukihitaji. Hula umeme hata kabla hujawasha kitu. Nunueni taa za ledi za volti 12 na mfunge moja kwa moja. Chagueni zenye mwanga wa njano kuliko zile nyeupe za kuumiza macho, maana nyeupe huita wadudu wa pori lote.

Kwa warina asali nina neno la pekee. Nyuki hawaoni rangi nyekundu vizuri kama sisi, bali mwanga mweupe wa usiku huwavuta. Mkichuja asali kambini chini ya taa nyeupe, nyuki waliokasirika watakuja juu ya taa na juu yenu. Funikeni taa moja kwa kitambaa au karatasi ya plastiki nyekundu, hiyo ndiyo itumike penye asali. Ile nyingine ining'inizwe mbali, kando ya njia ya kwendea haja, watu waone nyoka kabla ya kumkanyaga.

Kambini, kioo kiwekwe penye uwazi. Kivuli cha tawi moja, hata jani pana likilala juu ya kipande kimoja, chaweza kupunguza umeme mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa kuwa vipande vimefungwa kwa mstari mmoja kama ng'ombe wa plau: mmoja akilala, wote husimama. Asubuhi kielekezwe mashariki, mchana kikae karibu bapa, alasiri magharibi. Mwezi wa sita jua letu liko upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini. Kiinamisheni kidogo kulifuata. Kipanguseni kwa kitambaa chenye maji asubuhi na mapema, si wakati kioo kimeshika moto. Juu ya baiskeli, kifungwe katika blanketi na ubao upande wa uso wake. Tena asibaki peke yake kambini asipokuwapo mtu wa kukitazama, kwa maana ngedere huvuta kila waya anaouona, na binadamu wengine pia.

Mwenye betri ya risasi na aipime alfajiri kabla jua halijapiga, taa zikiwa zimezimwa. Ikisoma volti 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, usiku unaofuata redio ipumzike, na simu moja tu ichajiwe. Msingoje kontrola izime yenyewe. Nyingi huzima karibu volti 11, na hapo betri imekwisha kuumia. Betri ya lithiamu haipimiki namna hii, maana volti zake hukaa mahali pamoja mpaka karibu na mwisho. Huko hesabu ya daftari ndiyo kipimo.

Na simu nayo ina utaratibu. Porini mtandao haupatikani kila mahali, na simu inayotafuta mtandao siku nzima hujimaliza yenyewe. Bwana wetu huzima simu mchana. Kila jioni hupanda kichuguu kimoja anachokijua, huiwasha, humpigia mama watoto, huuliza habari za watoto na mbuzi, kisha huizima. Mkewe anajua saa, naye hungoja. Msimu uliopita wa kurina walizungumza kila siku kwa siku 19.

Msimu ukiisha, sanduku lisitupwe stoo. Betri ya risasi ikikaa tupu huharibika ndani. Itoeni kioo nje kila mwezi mkaijaze, au afadhali litumieni nyumbani watoto wasomee. Na siku betri itakapokufa kabisa, msiipasue kutafuta risasi ya nyavu, wala msiwape watoto kuchezea. Risasi huingia mwilini kwa vumbi na moshi, na huharibu akili ya mtoto pasipo kuonekana. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwadhuru wakazi wengi hata kikafungwa mwaka 2014, na kesi yake ilichukua miaka mingi mahakamani. Irudisheni betri nzima kwa muuzaji. Wengine huipokea na kukupunguzia bei ya mpya.